Kutoka Kijakazi hadi Mtoto wa Kazi: Majina ya Utumishi wa Wasichana wa Marafa

Marafa ni mji mdogo wa Magarini, kaskazini ya mto Sabaki. Wageni huufahamu kwa sababu ya Nyari, makorongo mekundu yaliyochongwa na mvua. Wenyeji wa Malindi huufahamu pia kama mojawapo ya mahali wanakotoka wasichana wanaopika, wanaofua na kulea watoto katika nyumba zao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina ya utumishi huo ni sehemu ya historia ya ujira wake, na kwamba jina la upole kuliko yote ndilo lifichalo kazi zaidi.

Jina la kwanza ni kijakazi. Malindi ilipofufuliwa katika miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, mashamba yake yalilimwa na watumwa, na nyumba za matajiri zilihudumiwa na wajakazi. Sikio la leo husikia katika neno hilo kazi ya kutenda. Kwa asili, hata hivyo, mja ni mtumwa, na -kazi ni alama ya uke, kama ilivyo katika mkazamwana. Wagiriama hawakuwa chimbuko kuu la watumwa hao. Lakini katika njaa ya Mwakisenge, miaka ya 1880, wapo waliowaweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka. Mtoto wa rehani alifanya kazi mpaka deni lilipwe, na si wote waliokombolewa. Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wa pwani mwaka 1907, neno lilibaki.

Serikali ya kikoloni ilitaka wanaume. Madai ya vibarua yaliyoletwa na Arthur Champion yalikuwa miongoni mwa sababu za vita vya Wagiriama vya 1914, ambavyo baada yake wakazi wa ng'ambo ya Sabaki walihamishwa kwa nguvu. Kipande, kilichotungiwa sheria mwaka 1915, kilimhusu mwanamume. Jikoni mwa Mzungu alikuwamo boi, mtu mzima aliyeitwa mtoto. Mwanamke alionekana zaidi kama yaya, neno lililotoka kwa Wareno kupitia India. Kwa hiyo msichana aliyetumika katika nyumba ya Mwafrika mwenzake hakuandikwa popote.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Akina mama wa mjini waliingia maofisini na mashuleni, na Malindi ikapanuka kwa utalii. Huko Magarini kilimo kiliendelea kutegemea mvua isiyoaminika, na mradi wa makazi ulioanza miaka ya 1970 kwa msaada wa Australia haukuleta neema iliyotarajiwa. Hapo ndipo yalipoenea majina hausigeli, msichana wa kazi na mtoto wa kazi.

Jina hili la mwisho lina sarufi yake. Mwenye nyumba hasemi, "Nimemwajiri", husema, "Nina mtoto ananisaidia." Kitendo cha kusaidia hakina saa wala kipimo. Aghalabu msichana huletwa na jamaa au jirani, hulala humo humo, na mshahara wake hupelekwa kwa wazazi, pengine ukalipia karo ya kaka zake. Aulizaye ni kiasi gani huonekana amekosa adabu, kwa kuwa mtoto halipwi na mamaye.

Yapo ya kutetea desturi hii. Jina la ukoo huleta wajibu: wapo waliosomeshwa, na wapo walioozwa kwa heshima kutoka nyumba walizotumikia. Hata hivyo, wajibu huo hutegemea hisani, na hisani haidaiwi.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 13, na inawaruhusu wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu. Amri za kima cha chini cha mshahara zimewataja yaya na mtumishi wa nyumbani. Lakini sheria humtafuta mwajiriwa, na mlangoni hujibiwa kwamba aliyemo ni mtoto.

Hapa ndipo penye kazi ya mwanaleksikografia. Haitoshi kamusi kueleza kijakazi kuwa ni mtumishi wa kike na kunyamazia utumwa. Wala haitoshi kuliacha nje mtoto wa kazi kwa kuwa ni lugha ya nyumbani. Lugha ya nyumbani ndiyo mkataba wa pekee alionao msichana huyu.