Uzi Uliofika Thika

Uzi wa pamba unaotinda nyusi katika saluni za Kamenu, Thika, una historia ndefu. Irani, binti aliyekaribia kuolewa alitolewa malaika ya usoni kwa uzi. Wahindi nao wana ufundi huo tangu zamani. Zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901. Familia zilizobaki ziliendeleza urembo wa kwao.

Mwanafunzi wa kazi hii hubana ncha moja ya uzi kwa meno, husokota uzi katikati, kisha hupanua na kufumba vidole. Nywele hung'oka shinani. Mteja huvuta ngozi yake mwenyewe.

Leo mafundi wa urembo hutahiniwa na NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na kupewa cheti. Mzazi, binti akiipenda kazi hii, mpeleke akasome.