Kliniki Inasema Wiki 8, Chali Anasema Wiki 6: Hii Ndio Hesabu ya Siku ya Kujifungua

Umeenda kliniki, nesi akaangalia kalenda, akakuambia mimba yako ni ya wiki 8. Unarudi keja, unamwambia chali yako, na jamaa anaanza kuhesabu na vidole. Nyinyi mlianza mambo yenu wiki 6 zilizopita. Kidogo kidogo simu imezimwa na stori mtaani ni ati mtoto si wake.

Tulia kwanza. Inawezekana nesi hajakosea na wewe hujadanganya mtu.

Hesabu inaanzia wapi?

Kliniki haihesabu kutoka usiku ule mlilala pamoja. Inahesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Siku damu ilianza, si siku iliisha. Sababu ni simple: siku mimba ilitungwa hakuna mtu aliiona, lakini hedhi uliiona.

Sasa, yai hutoka karibu siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kama mzunguko wako ni wa siku 28, hiyo ni wiki 2 baada ya hedhi kuanza. Maana yake, zile wiki 2 za kwanza unazohesabiwa hukuwa hata na ball. Wiki 8 za kliniki ni kama wiki 6 tangu mimba itungwe. Umeona venye watu wanaachana bure?

Lakini usitumie hii hesabu kama ushahidi wa baba ni nani. Mbegu za mwanaume zinaweza kukaa mwilini hadi siku 5, na yai hutoka mapema ama likachelewa. Hiyo kesi inamalizwa na kipimo cha DNA, si kalenda.

Piga hesabu mwenyewe

Mimba inahesabiwa siku 280, yaani wiki 40. Njia ya haraka inaitwa kanuni ya Naegele, kutokana na Franz Naegele, daktari Mjerumani wa karne ya 19. Tuseme hedhi yako ya mwisho ilianza Januari 10:

1. Ongeza siku 7. Unapata Januari 17.
2. Rudi nyuma miezi 3. Unapata Oktoba 17.
3. Rekebisha mwaka. Hapa ni Oktoba ya mwaka huo huo. Kama ungeanza na Juni 10, ungeangukia Machi 17 ya mwaka unaofuata.

Aplikesheni ya simu ikikupa tofauti ya siku moja ama mbili, usipanik. Miezi haina siku sawa.

Na kama mzunguko wako si wa siku 28?

Wengi hawako hapo, na ni sawa. Kama wako ni wa siku 35, ongeza siku 7: Oktoba 17 inakuwa Oktoba 24. Kama ni wa siku 25, toa siku 3: unapata Oktoba 14.

Hesabu ikikataa

Kuna wakati kalenda haikusaidii. Siku zako huja zikitaka. Ama ulikuwa umetoka tu kwa sindano ya kupanga uzazi, ama unanyonyesha, ama ulimeza P2 na hedhi ikachanganyikiwa. Wengine huona matone kidogo ya damu mwanzoni mwa mimba wakadhani ni hedhi, na hesabu inakosa kama mwezi mzima.

Hapo dawa ni skani, na uende mapema. Ya miezi 3 ya kwanza ndio inaaminika zaidi, juu watoto wote hukaribiana ukubwa wakati huo. Inaweza kukosea kwa wiki moja hivi. Ukingoja hadi miezi 3 ya mwisho, inaweza kukosea kwa wiki 2 ama 3. Na tarehe ikishawekwa na skani ya mapema, skani ya baadaye haifai kuibadilisha.

Hiyo tarehe si miadi

Kwa kila watoto 100, ni kama 4 ama 5 tu hutokea siku yenyewe. Wengine wote hupita ama huwahi. Kati ya wiki 37 na 42 ndio kawaida.

Mbona basi ujisumbue? Juu maamuzi mazito yanategemea hiyo tarehe. Kabla ya wiki 37, mtoto ni njiti na anahitaji kujifungulia pahali wanaweza kumsaidia kupumua. Ukipita wiki 41, daktari anaanza kufikiria kukuanzishia uchungu, kwa sababu kondo la nyuma huchoka. Tarehe ikiwa mbaya, mtoto anaweza kutolewa kama hajakomaa, ama akaachwa ndani akipata shida.

Na kama unatoka damu, maji yamevunjika ama mtoto ameacha kucheza, sahau kalenda. Enda hosi saa hiyo hiyo.

Kwa sasa, chukua simu yako, andika siku hedhi yako ya mwisho ilianza, na ufanye hivyo kila mwezi hata kama huna mpango wa mtoto. Ukifika kliniki, swali la kwanza ni hilo. Usiwe yule dem wa kujibu, "Ilikuwa kitu katikati ya mwezi hivi."