Kivinjari Kikongwe

Msomaji, wavuti unayoisoma leo ilibuniwa na Mwingereza, Tim Berners-Lee, aliyeandika shauri lake mwaka wa 1989 huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Katika mwaka wa 1994 alianzisha baraza la W3C ili litunge kanuni za kufuatwa na watu wote. Lakini baraza hilo halina askari wala mahakama. Hutoa mapendekezo tu. Kampuni za Netscape na Microsoft, zilizokuwa zikishindana kueneza vivinjari vyao, zikazua kila moja alama zake, hata ukurasa uliosomeka vema katika kivinjari hiki ukavurugika katika kile.

Hebu tazama kosa moja. Kanuni ya CSS ya mwaka wa 1996 ilisema kuwa upana wa kisanduku ni wa yaliyomo peke yake. Nafasi ya pembeni na mpaka huongezwa. Kisanduku cha vipimo 200, chenye nafasi ya 20 na mpaka wa 5 kila upande, chapasa kuchukua 250. Internet Explorer 5 ilibana vyote ndani ya 200, na mafundi wakajenga kurasa zao kwa kulifuata kosa hilo. Ilipotoka Internet Explorer 6, mwaka wa 2001, ilikuwa shida kuchagua: kusahihisha ni kubomoa kazi za watu, kuacha ni kudharau kanuni. Basi ukurasa uliotangaza katika mstari wake wa kwanza kuwa wafuata kanuni ulipimwa kwa haki. Usiotangaza ulipimwa kizamani. Mstari huo ungali ukiandikwa.

Baada ya ushindi Microsoft ilijilaza: toleo la 7 lilikuja mwaka wa 2006. Wakati huo maofisi mengi yalikwisha fungwa na programu zilizoelewana na toleo la 6 tu. Huko Korea Kusini benki zilitegemea ActiveX, chombo cha Internet Explorer, hata mwenye kivinjari kingine akashindwa kulipa. Mafundi walimcheka mwenye kivinjari kikongwe, nami naona walikosea, maana mara nyingi aliyekichagua ni mwajiri wake. Wakimwacha, amefungiwa mlango. Wakimhudumia, kazi moja hufanywa mara mbili.

Tarehe 15 Juni 2022 Microsoft iliistaafisha Internet Explorer 11. Walakini ndani ya Edge, kivinjari chake kipya, iliacha njia ya kufungulia kurasa za zamani, ikaahidi kuitunza walau mpaka mwaka wa 2029.