Maji ya Ngarambe na Nira ya Yeremia



Makatekista wa vigango vyetu, kutoka Mlimba hadi Ifakara, huulizwa swali ambalo si jepesi hata kwa padre. Muumini amesikia redioni, au katika simu ya kijana wake, kwamba mtu akikishika kitu moyoni, akakiona kana kwamba amekwisha kukipata, akakitamka kwa kinywa pasipo shaka, basi kitu hicho hakina budi kumjia: nyumba, mume, kazi, afya. Wengine huyaita mafundisho hayo kujitamkia, wengine kukiri, wengine kuvuta baraka. Naye muumini anauliza: Je, si Bwana wetu mwenyewe aliyetufundisha habari za imani iwezayo kuhamisha mlima? Kosa liko wapi?

Leo napenda kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, tena historia ya bonde letu hili hili. Asili ya mafundisho yenyewe ni ya mbali, nami nitaipita upesi. Katika karne ya 19 huko Marekani, fundi saa mmoja aitwaye Phineas Quimby alifundisha kwamba ugonjwa hukaa katika fikra za mgonjwa, na fikra zikinyoshwa mwili hupona. Mawazo ya namna hiyo yaliingia kwa wahubiri kama E. W. Kenyon, na baadaye Kenneth Hagin, ambao waliyavika maneno ya Biblia. Mwaka 2006 Rhonda Byrne wa Australia aliyatoa tena katika kitabu chake, safari hii karibu bila Mungu kabisa, nacho kikasomwa dunia nzima. Lakini kiu ambayo mafundisho hayo huahidi kuikata ni ya kale, na babu zetu waliijua.

Mwaka 1904, huko Ngarambe, upande wa Rufiji na Umatumbi, alitokea mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Wazee walisimulia kwamba alivutwa na pepo hadi ndani ya kilindi cha maji, akazama. Kesho yake akatoka, na nguo zake zilikuwa kavu. Tangu siku hiyo akasema kwa nguvu za Hongo, pepo aliyeheshimiwa sana katika nchi zile. Akawaambia watu kwamba wao wote ni wamoja, na kwamba wazee waliofariki wako pamoja nao. Akawapa dawa ya maji, pamoja na mahindi na mtama, akisema kwamba risasi ya Mdachi itakuwa maji mbele ya mwili ulionyunyiziwa dawa hiyo.

Tusiwacheke. Watu hawa walikuwa wakilazimishwa kulima pamba ambayo haikuwalisha, wakitozwa kodi, wakichapwa viboko na maakida mbele ya watoto wao. Kutamani kuondokewa na mzigo kama huo si dhambi. Tena Kinjikitile aliwataka wangoje neno lake kabla ya kupigana, ila Wamatumbi hawakuweza kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905 waling'oa pamba, na vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wadachi walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro.

Naomba tuikumbuke tarehe hiyo. Nabii alikwisha kufa, na habari ya kunyongwa kwake ingalitosha kuwafanya watu waulize maswali. Lakini wajumbe wa maji waliendelea kutembea kutoka nchi hadi nchi, wakaingia na huku kwetu Ulanga. Wapogoro wakanywa, Wambunga wa Ifakara wakanywa. Si wote waliokubali: Kiwanga, mtema wa Wabena wa bondeni, alisimama upande wa Wadachi, kama alivyokuwa amefanya zamani katika vita dhidi ya Mkwawa. Sisemi kwamba Kiwanga alipambanua roho. Pengine alipima nguvu tu, na faida yake mwenyewe. Kutoamini uongo hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya watu waliliendea boma la Mahenge. Ndani yake walikuwamo askari wachache, Wazungu wachache, na bombomu mbili, yaani bunduki za rashasha. Mmisionari mmoja aliyekuwamo bomani aliandika alichokiona: kundi la kwanza lilikuja wazi, bila kujificha, wakiwa wameshikamana bega kwa bega, maana mtu aliyekingwa na maji hana sababu ya kuinama. Walipoanguka wa mbele, wa nyuma waliendelea kuja. Kisha likaja kundi la pili kutoka upande mwingine, nalo likaanguka. Wachache walifika hatua chache tu mbele ya mitutu. Boma likazingirwa kwa muda wa majuma kadhaa, mpaka Kapteni Nigmann alipowasili kutoka Iringa mwezi Septemba. Baadaye Wadachi wakachagua silaha nyingine: wakachoma vijiji na maghala, wakaharibu mazao mashambani, na njaa ikamaliza kazi. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria watu 75,000 waliokufa katika vita hiyo. Wanahistoria wa baadaye walitaja hesabu ya 250,000 hadi 300,000.

Kanisa nalo halina haki ya kuisimulia habari hii likiwa limenyoosha kidole. Misioni ya Kwiro ilikuwa na miaka mitatu tu, na mapadre wake walijikinga nyuma ya zile zile bunduki. Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, tarehe 14 Agosti 1905 karibu na Liwale. Waliomchoma mkuki hawakuona tofauti kati ya msalaba na bendera, na kwa bahati mbaya mara nyingi tofauti hiyo haikuonyeshwa waziwazi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Dawa ya maji ilikuwa na miiko. Mpiganaji hakuruhusiwa kulala na mkewe, wala kupora mali. Risasi zilipoua, jibu lilikuwa tayari: marehemu alivunja mwiko. Dawa haikushindwa, bali aliyeshindwa ni yule aliyelala chini akitokwa damu. Hivyo ndugu zake walilia mara mbili, kwanza kwa kumpoteza, pili kwa kumwona kuwa mkosaji; na wale waliobaki hai wakainywa dawa tena.

Hapo ndipo ninapoona undugu kati ya maji yale na mafundisho ya kujitamkia. Mama anaambiwa atamke kwamba mtoto wake amepona homa. Anatamka. Mtoto anazidi kuwa hoi. Anaambiwa, “Una mashaka moyoni.” Basi anaogopa kumpeleka hospitali, kwa kuwa kupanda gari la Ifakara kutakuwa ushahidi wa mashaka yake. Katika bonde la malaria kama hili letu, siku mbili za woga wa namna hiyo zinatosha kumwua mtoto. Na mtoto akifa, ni nani atakayembeba mama yule maisha yake yote, akijiona kwamba ni yeye aliyemwua kwa uhaba wa imani?

Mambo haya hayakuishia mwaka 1907. Katika miaka ya 1920 Ngoja bin Kimeta alipita Ulanga na dawa za kuwamaliza wachawi, watu wakamfuata kwa wingi. Baadaye kukawa na safari za kwenda Ihowanja kunyolewa, na wanaparokia wetu walikwenda pia, wengi wao kwa siri. Mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, ambamo watu waliweka akiba zao wakiambiwa kwamba wanapanda mbegu. Mwaka 2011 taifa zima lilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Mchungaji mstaafu aliyekitoa hakujitajirisha kama wengine walivyofanya, na bei yake ilikuwa ya huruma. Hata hivyo wako wagonjwa walioacha vidonge vyao kwa ajili ya kikombe kile.

Je, basi tusiombe miujiza? Hasha. Kanisa huwaombea wagonjwa na kuwapaka mafuta matakatifu, na mwaka 2000 Roma ilitoa maagizo maalumu kuhusu sala za kuomba uponyaji, ikiziruhusu na kuziwekea utaratibu. Na lile neno la kuhamisha mlima, tulisome katika Marko sura ya 11 mpaka mwisho wake. Mara baada yake Bwana anadai kwamba asimamaye kusali awasamehe wenzake. Imani hiyo haimilikishi mtu vitu, inamfungua. Na aliyeyasema maneno hayo, siku chache baadaye aliomba kikombe kimwepuke, akayaweka mapenzi ya Baba juu ya mapenzi yake, na kikombe hakikumwepuka. Nani atathubutu kusema kwamba katika bustani ile Yesu alikuwa na uhaba wa imani?

Mtume Yohane anatuagiza tuzipime roho kabla ya kuziamini. Zapimwaje? Katika Maandiko yote sijaona mfano ulio bora kuliko ule wa Yeremia sura ya 28. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni, kuwaonyesha watu kwamba hawana budi kuitumikia Babeli. Akaja Hanania, nabii wa kutoka Gibeoni, akasema hekaluni kwamba katika miaka miwili Bwana ataivunja nira hiyo na kuwarudisha mateka. Ndilo neno ambalo kila mtu alitaka kulisikia. Na Yeremia akajibu, “Amina”! Alitamani iwe hivyo, kama Mpogoro yeyote alivyotamani Mdachi aondoke. Ila akaongeza kwamba nabii wa amani hujulikana neno lake litimiapo. Hanania akaivunja ile nira mbele ya watu. Yeremia hakubishana naye, akaenda zake, akangoja mpaka Bwana aseme naye tena.

Hapo pana shule nzima ya kupambanua. Yeremia hakuua hamu yake, wala hakuidhania kuwa sauti ya Mungu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijifunza jambo hilo hilo kitandani, baada ya kujeruhiwa mguu huko Pamplona mwaka 1521. Alipoota ndoto za sifa na ushujaa alifurahi, lakini ndoto zilipokwisha alibaki mkavu. Alipofikiri juu ya kuwafuata watakatifu alifurahi pia, na furaha ile ilibaki. Akajifunza kungoja aone kinachosalia moyoni asubuhi. Katekista aweza kumfundisha muumini jambo hilo bila kitabu. Na aweza kumwuliza maswali ya kawaida: Anayekufundisha anakuruhusu kuuliza? Neno lake likishindwa, ni nani anayebeba lawama? Sadaka yako inakwenda wapi? Unakuwa mpole zaidi kwa jirani, au unaanza kumtazama kama anayekuzuilia baraka?

Uhuru ambao watu wa 1905 waliutamani ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, miaka 56 baadaye. Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akawakumbusha wajumbe juu ya wapiganaji wale, kwamba walipigana kwa sababu hawakukubali kutawaliwa na wageni. Aliwaheshimu. Lakini hakuwanyunyizia maji wanachama wa TANU. Aliwapa kadi, akawaita mikutanoni, akawataka wavumilie.

Yeremia naye alifanya jambo moja ambalo wakulima wa Mlimba watalielewa kuliko wengi. Wababeli walikuwa wameuzingira mji, naye mwenyewe alikuwa kifungoni katika uwanja wa walinzi. Mwana wa ami yake akamjia, akamwomba anunue shamba la Anathothi, katika nchi ambayo adui alikuwa ameikalia. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha, akaweka mashahidi, akatia sahihi hati, akamwamuru Baruku aitie katika chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Maandiko hayasemi kwamba aliwahi kulilima.