Kisanduku cha Dau: Historia Fupi ya Klabu ya Mbio za Farasi ya Kenya

Njia ya misafara kutoka pwani hadi Unyanyembe haikumpenda farasi. Mwaka 1871, msafara wa Henry Morton Stanley ukiwa bado haujafika mbali na Bagamoyo, farasi wake wote wawili walikufa katika kijiji cha Kingaru. Mmoja alikuwa zawadi ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Stanley alimpasua, akakuta minyoo tele tumboni, akaamuru azikwe karibu na kambi. Mkuu wa kijiji akaja juu: ardhi ni yangu, umezika mzoga bila ruhusa yangu, lipa doti mbili za nguo. Stanley naye akawaamuru watu wake wamfukue farasi na kumwacha palepale juu ya ardhi. Mkuu wa kijiji akaona heri yaishe. Mwezi Juni msafara uliingia Kwihara, jirani na Tabora, bila farasi hata mmoja.

Ntalikwa, kata ya Manispaa ya Tabora ninakoandikia, imo katika nchi hiyohiyo ya miombo na mbung'o, ambako mnyama wa safari alikuwa punda na mbeba mizigo mkuu alikuwa Mnyamwezi mwenyewe. Klabu ya mbio za farasi haikuwahi kuota mizizi huku. Kubeti, hata hivyo, kumeingia mpaka vijijini. Kijana wa hapa anajua odi za Ligi Kuu ya Uingereza, anaweka mkeka kwa simu Jumamosi mchana, na ikifika jioni mkeka umechanika. Anayetaka kuelewa fedha hizo zinakwenda wapi, na kwa nini wakubwa wanazigombania, atafaidika kuitazama taasisi moja ya jirani zetu, ambayo kwa zaidi ya karne imeweka mchezo, dau, ardhi na madaraka chini ya paa moja. Ni Klabu ya Mbio za Farasi ya Kenya, ijulikanayo rasmi kama Jockey Club of Kenya. Mwaka 1954 ilihamia Barabara ya Ngong, Nairobi, na mwaka 2024 ikatimiza miaka 70 mahali hapo.

Mbio zenyewe ni kongwe kuliko uwanja huo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na haukupita muda walowezi wakaanza kushindanisha farasi wadogo kwenye mbuga. Klabu yao iliitwa East African Turf Club, nayo ndiyo chimbuko la klabu ya leo. Uwanja wao wa Nairobi ulikuwa kando ya eneo ambalo baadaye liliitwa Kariokor, kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kama ilivyokuwa kwa Kariakoo ya Dar es Salaam. Hiyo ndiyo vita iliyowaleta askari wa Kongo ya Wabelgiji mpaka Tabora mwezi Septemba 1916. Farasi hawakimbii tena Kariokor, ila jina la Racecourse Road bado liko katikati ya Nairobi.

Nyanda za juu za Kenya zilimpa farasi hewa na malisho ambayo Unyamwezi haikuweza kumpa. Fedha zilikuwa shida huko pia. Mfano wake ni Charles Clutterbuck wa Njoro, mkufunzi hodari wa farasi wa enzi zile. Aliendesha pia kinu cha unga, akaingia mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyokwisha kupangwa. Ukame ulipokuja nafaka ikapanda bei, na yeye akaitimiza mikataba hivyohivyo mpaka akafilisika. Shamba likauzwa, farasi wakauzwa, akaenda kutafuta kazi ya kufundisha farasi Peru. Binti yake Beryl alibaki, akapata leseni ya ukufunzi akiwa msichana wa miaka kumi na kitu. Dunia inamjua kwa jina la Beryl Markham, rubani aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1936 kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwenye uwanja wa Ngong alijulikana zaidi kama mkufunzi aliyeshinda Kenya Derby mara kadhaa. Alifariki mwaka 1986 akiishi katika nyumba ndogo ya uwanjani aliyopewa na klabu.

Pembeni mwa Beryl, tangu utotoni, alikuwapo arap Ruta, aliyewajua farasi wale kama alivyowajua yeye. Jina lake limehifadhiwa kwa sababu Beryl alimwandika. Masaisi wengine, yaani watunza farasi, waliowaamsha farasi alfajiri, wakawasugua, wakawafunga vidonda na kulala nao zizini hawakuandikwa popote. Klabu ilikuwa ya walowezi. Mwafrika aliingia kwa mlango wa zizi, na meza ya kugawa fedha na kutunga kanuni ilikuwa mbali naye. Nalitaja hili mapema kwa kuwa ugomvi wote wa taasisi za mbio, Kenya na kwingineko, unarudi kwenye swali la nani anakaa kwenye meza hiyo.

Kinachogombaniwa hapo ni kisanduku cha dau. Kwenye mbio za farasi kuna njia mbili za kubeti. Ya kwanza ni ya mpokea dau, mtu binafsi anayetangaza odi zake na kubeba hasara au faida mwenyewe. Ya pili ni mfuko wa pamoja, tote, uliobuniwa Paris katika miaka ya 1860 na Joseph Oller. Tuseme watu uwanjani wameweka jumla ya shilingi 100,000 kwenye mbio moja. Mwenye mfuko anakata fungu lake kwanza, tuseme 25,000, halafu 75,000 zilizobaki wanagawana waliomchagua farasi aliyeshinda. Wakiwa wachache wanapata nyingi, wakiwa wengi wanapata kidogo. Mwenye mfuko hawezi kupata hasara kwa matokeo ya mbio, maana hakubeti na mtu. Lile fungu la 25,000 ndilo linalolipa kodi ya serikali, zawadi za wenye farasi, matengenezo ya uwanja, mishahara ya waamuzi na gharama za daktari wa mifugo. Zikikatwa 30,000, wabetiji wanakimbilia kwa wapokea dau. Zikikatwa 15,000, zawadi zinapungua, wenye farasi wanauza farasi, mbio zinakosa washindani, na mwisho wabetiji nao hawaji.

Ufaransa ililimaliza suala hilo mapema: mwaka 1891 sheria ilipiga marufuku wapokea dau binafsi, mfuko wa pamoja ukabaki peke yake. Uingereza iliwaacha wote wawili, ikalazimika kutafuta dawa nyingine. Maduka ya kubeti yaliporuhusiwa mwaka 1961, iliundwa bodi ya kuwatoza wapokea dau mchango wa kuendesha mbio, na kwa miongo mingi wapokea dau na wenye mbio walivutana kuhusu kiwango. Kenya ilirithi desturi ya Uingereza ya kuwa na wapokea dau pamoja na tote, na mwaka 1966 ikatunga sheria yake ya kubeti, bahati nasibu na michezo ya kubahatisha, iliyoweka bodi ya kutoa leseni.

Klabu, kwa upande wake, ilibaki na kazi nyingi mno kwa chombo kimoja. Ni chama cha wanachama, ndiyo mwenye uwanja, ndiyo inayotunga kanuni za mbio na kutoa leseni za wakufunzi na majoki, na ndiyo inayosikiliza kesi mtu anapolalamika kuwa ameonewa. Mkufunzi mwenye ugomvi na klabu kuhusu fedha ataupeleka wapi, ikiwa hakimu wake ndiye mdaiwa wake? Nchini Uingereza Jockey Club, iliyoanza mwaka 1750, iliachia utawala wa mchezo kwa chombo kingine mwaka 1993, na mwaka 2006 ikaachia pia kanuni na hukumu za mbio, ikabaki na viwanja vyake. Ngong haijafanya hivyo. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa zaidi katika muundo wake, kubwa kuliko uchache wa fedha.

Uchache wa fedha nao ni wa kweli. Zamani farasi walishindana pia Nakuru, Eldoret na Limuru. Viwanja hivyo vilikufa, na Ngong ukabaki pekee. Kisha mwaka 2007 ikaja M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, na mwaka 2014 ikaja SportPesa, kampuni ya kubeti, na dau likatoka uwanjani. Mtu hahitaji tena kupanda matatu hadi Barabara ya Ngong siku ya Jumapili, alipe kiingilio, asimame kwenye uzio atazame miguu ya farasi na jasho la shingoni kabla hajatoa shilingi. Anaweka mkeka wa Arsenal akiwa kitandani. Shilingi hiyo haiachi hata senti kwa zizi lolote la Kenya.

Ukubwa wa fedha hizo mpya uliifanya mizozo ya klabu ya farasi ionekane midogo. Serikali ya Kenya iliona mavuno, ikapandisha kodi ya kubeti kutoka asilimia 7.5 hadi 35 ya mapato ya kampuni, kuanzia Januari 2018. Mwezi huohuo SportPesa ikaondoa udhamini wake wa michezo nchini. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu za mpira zenye mamilioni ya mashabiki, zikaamka bila mdhamini. Mwaka haujaisha kodi ikashushwa hadi 15. Julai 2019 serikali ikakataa kuhuisha leseni za kampuni 27 kwa madai ya kodi, na Septemba SportPesa ikafunga shughuli zake Kenya, ikilalamikia ushuru wa asilimia 20 juu ya kila dau. Jina hilo liliporudi sokoni likiwa chini ya kampuni nyingine, wanahisa wa kampuni ya awali walifikishana mahakamani kugombania nani ana haki ya kulitumia. Faida ilikuwa ya wachache na hasara ikaenda kwa wachezaji wa mpira, ambao hawakuulizwa chochote.

Mauritius, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, imepitia makubwa zaidi. Mbio za Champ de Mars, Port Louis, zilianza mwaka 1812 chini ya Mauritius Turf Club. Mwaka 2015 tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti nzito kuhusu uendeshaji wa mbio na kubeti kisiwani. Hatimaye usimamizi wa kanuni ukachukuliwa na mamlaka ya serikali, kampuni ya serikali ikashika uwanja, na mwaka 2022 mwandaaji wa pili, Peoples Turf, akaingia kwenye mbio zilizokuwa na mwandaaji mmoja kwa karne mbili. Mwaka uliofuata klabu kongwe haikuandaa msimu. Wapo waliosema serikali imesafisha mchezo, na wapo waliosema serikali imeuteka. Ninachokiona mimi ni kwamba klabu iliyoshindwa kutenganisha uamuzi na umiliki kwa hiari yake ilikuja kutenganishwa kwa nguvu, tena na watu wenye maslahi yao.

Hata serikali ikishika kisanduku, fedha zinaweza kupotea. Jiji la New York lilianzisha shirika lake la kubeti nje ya uwanja mwaka 1971, nalo likafungwa Desemba 2010 likiwa limeelemewa na madeni, ingawa lilikuwa likipokea dau za watu kila siku. Chama kilichoendesha viwanja vikuu vya mbio vya jimbo la New York kiliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2006, na suluhu yake ikajumuisha kuikabidhi serikali madai yake ya umiliki wa ardhi ya viwanja vitatu. Ardhi ndiyo inayonitia hofu zaidi kuhusu Ngong. Singapore ilikimbiza mbio zake za mwisho Oktoba 2024, baada ya miaka 181, uwanja ukipangwa kurudishwa serikalini kwa matumizi mengine. Macau ilikuwa imefunga miezi michache kabla. Ngong ipo kwenye barabara ambayo kila kiwanja kinatamaniwa na wajenzi wa maghorofa. Taasisi yenye deni na ardhi ya thamani haikosi marafiki wa ghafla.

Tanzania haina cha kupoteza kwa upande wa farasi, ila upande wa dau tumo ndani kabisa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 iliunda Bodi inayosimamia leseni, na tangu 2017 kodi yake hukusanywa na TRA. Mwaka 2021 ikaamuliwa sehemu ya kodi ya kubashiri matokeo iende Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote, maana ndicho kitu ambacho Ngong ilikikosa: njia ya kisheria ya kurudisha fungu la dau la simu kwa wanaofanya mchezo uwepo. Lakini mkeka unaowekwa Ntalikwa ukichangia mfuko huo, vijana wanaocheza mpira kwenye kiwanja cha vumbi cha Ntalikwa nao wana haki ya kusomewa hesabu zake.

Mwaka 2025 Kenya ilipitisha sheria mpya ya michezo ya kubahatisha inayoiondoa ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya badala ya bodi ya zamani. Klabu ya Ngong imepata nafasi ya kudai mambo mawili ambayo ingepaswa kuyadai zamani. La kwanza ni fungu la dau za mtandaoni kwa ajili ya zawadi na mazizi. La pili, ambalo italiona gumu zaidi, ni kukabidhi hukumu za mbio kwa chombo kisicho chake, chenye viti vya wenye farasi, wakufunzi, majoki na masaisi, kila kundi likichagua mtu wake. Saisi anayelala zizini ndiye wa kwanza kujua kama mshahara umechelewa na kama farasi aliyeshindwa jana alikuwa mgonjwa kweli, na hakuna mkaguzi wa hesabu atakayelijua hilo kabla yake.