Kidingapopo: Homa Inayofuata Mtungi

Nyuma ya nyumba nyingi za Ukunda, mwendo mfupi kutoka hoteli za Diani, hukosi pipa la maji, madumu, ndoo iliyopasuka na tairi kuukuu. Watafiti waliokagua nyua za Ukunda na Msambweni wamekuta humo viluwiluwi vya Aedes, mbu anayeeneza kidingapopo na chikungunya.

Pwani inaijua homa ya namna hii tangu zamani. Mwaka 1870 ilipoikumba Zanzibar, daktari Mskoti James Christie aliwasikia wenyeji wakiiita kidinga pepo. Wazee waliikumbuka: ilikuwa imepita karibu nusu karne kabla. Inasadikiwa kwamba jina dengue, linalotumika duniani kote, lina asili katika Kiswahili hicho.

Mwaka 1952 homa ya viungo ilizuka uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walipinda kwa maumivu, na Kimakonde kikaupa ugonjwa jina chikungunya, kujikunja. Uwandani maji yalikuwa adimu, watu wakiyaweka akiba ndani ya nyumba. Mbu wakazaliana humo humo.

Mwaka 2004 ikawa zamu ya Lamu kupata chikungunya. Ukame ulikuwa umekaza, na maji ya akiba yalikaa siku nyingi bila kubadilishwa. Uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa takribani robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Homa ikafika Mombasa, Komoro, kisha Réunion, ambako thuluthi moja ya watu waliugua.

Ndiyo maana haitoshi kuilaumu mvua. Kiangazi nacho huleta mbu, mfereji ukikauka na kila chombo kikajazwa. Chandarua, kinga kubwa ya malaria, hakimzuii vya kutosha mbu huyu anayeuma mchana.

Maji ya chemchemi ya Marere, katika Milima ya Shimba hapa Kwale, yamepelekwa Mombasa kwa mabomba tangu enzi za ukoloni. Mama wa Ukunda anayeweka akiba, huku maji hayo yakienda Mombasa, hana kosa. Anastahili mfereji unaotoa maji kila siku. Hiyo ni dawa ya mbu isiyopulizwa.

Hadi hapo, kila wiki tumwage maji yaliyotuama na kufunika mapipa. Vyombo tuvisugue ndani, maana mayai hung'ang'ania ukutani na kuvumilia ukavu kwa miezi. Na tairi lisilo na kazi liondoke uani leo, kabla ya vuli.