"Kaa wima!": historia ya mgongo uliopinda, na kosa langu la TP

Kitambo sijapita hapa, msidhani nimewatupa, ni TP tu. Nimerudi Chimwaga na vumbi lote la Dodoma kwenye viatu, upepo unavuma kama umetumwa, na kuna jambo moja limenikaa rohoni. Leo nalitoa.

Nilipangiwa shule moja ya kata huku huku Kanda ya Kati, Kidato cha Pili, wanafunzi wamebanana kama dagaa. Kulikuwa na binti mmoja anakaa nyuma. Kila nikigeuka kutoka ubaoni namkuta kaegama upande, bega moja juu, jingine chini. Na mimi, na ualimu wangu wa wiki mbili, kazi yangu ikawa kumkemea: "We binti, kaa wima!" Darasa linacheka. Nje wenzake walikuwa wanamwita Kibyongo. Wiki ya tatu mwalimu wa malezi, mama mtu mzima, akaniita pembeni akaniambia taratibu: "Mwalimu, yule mtoto hajakaa vibaya. Mgongo wake ndivyo ulivyo."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Niliporudi chuo, badala ya kupiga desa nikazama kusoma habari za migongo. Kumbe kosa langu lina historia ndefu!

Wagiriki wa kale walikuwa wanamfunga mgonjwa kwenye ngazi, wanaitikisa kwa nguvu ili mgongo unyooke. Hippocrates, huyu tunayemwita baba wa udaktari, aliandika kwamba wengi waliopenda njia hiyo walitaka tu watu wabaki midomo wazi. Waganga wa maonyesho hawakuanza jana.

Mwaka 1741 daktari Mfaransa, Nicolas Andry, akatoa kitabu ambacho jina lake ndilo linalotumika mpaka leo kwa udaktari wa mifupa. Alilitunga kwa maneno mawili ya Kigiriki: "nyoofu" na "mtoto". Kitabuni kuna mchoro maarufu wa mti uliopinda, umefungwa kamba kwenye nguzo. Sisi tungesema samaki mkunje angali mbichi. Andry aliamini watoto wanapinda kwa sababu ya ukaaji mbaya, viti na meza. Karne ya 19, shule za Ulaya zilipojaa watoto, madaktari wengi nao wakayashika madawati uchawi. Yaani "kaa wima" yangu ilitoka mbali.

Dawa yao ikawa mazoezi. Huko Sweden, Pehr Henrik Ling alianzisha chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813, na mfumo wake ukasambaa shuleni na hospitalini. Mikono juu, mikono pembeni, moja, mbili! Ukikumbuka watoto wa halaiki siku ya sherehe za kitaifa unapata picha. Ni mazuri kwa afya, hakuna ubishi, ila kulia na kushoto vinafanya kitu kilekile, wakati mgongo wenye tatizo hili hauko sawa kulia na kushoto. Tena haupindi pembeni tu, unajisokota pia, ndiyo maana mbavu za upande mmoja zinatokeza. Mwaka 1865 William Adams wa London alieleza kipimo ambacho mpaka leo hakihitaji mashine: mtoto anainama mbele, mikono inaning'inia, unaangalia kama upande mmoja wa mgongo umeinuka kuliko mwingine.

Hapa sasa anaingia mwalimu mwenzetu. Katharina Schroth alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1894. Hakuwa daktari, alikuwa mwalimu, na mgongo wake mwenyewe ulipinda. Akiwa na miaka 16 alivalishwa koti la chuma. Akalichoka. Akaanza kujitazama kwenye vioo na kuwaza mpira uliobonyea: ukiujaza upepo, pale palipobonyea panatoka nje. Basi akajifunza kuvuta pumzi kuelekeza upande wake uliobonyea, huku akijinyoosha kinyume cha mpindo. Mwaka 1921 akafungua kituo chake mji wa Meissen. Mwaka 1961 yeye na binti yake, Christa, walifungua kingine Sobernheim, Ujerumani Magharibi. Alifariki mwaka 1985. Kilichonigusa ni kwamba kila mgonjwa alifanyishwa zoezi la mpindo wake mwenyewe, si la darasa zima. Wadau wa Education, si ndiyo kila siku tunaambiwa kila mwanafunzi ana mahitaji yake?

Ila historia haikwenda moja kwa moja. Mwaka 1941 kamati ya madaktari wa mifupa wa Marekani ilipitia habari za wagonjwa 425, ikakuta kwamba waliotibiwa kwa mazoezi peke yake, zaidi ya nusu waliendelea kupinda. Mazoezi yakaporomoka hadhi. Miaka mingi jibu likawa koti la kuvaa mwilini au upasuaji, na mwenye mpindo mdogo akaambiwa asubiri tu.

Yalirudi polepole. Mwaka 2014 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya vijana 110 wenye mpindo mdogo, chini ya nyuzi 25. Nusu walifanya mazoezi ya kawaida, nusu walifundishwa kujinyoosha wenyewe kulingana na mpindo wao. Hawa wa pili mpindo ulipungua kwa takriban nyuzi 5, wale wengine wakabaki karibu palepale. Si muujiza, na utafiti mmoja haumalizi ubishi. Kwa mipindo mikubwa kidogo ushahidi mzito uko kwenye koti: utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 2013 ulionyesha 72% ya waliovaa koti walimaliza kukua bila kufikia nyuzi 50, kiwango cha kuanza kufikiria upasuaji. Wasiovaa walikuwa 48%. Kwa hiyo anayekuuzia mazoezi ya "kunyoosha mgongo kwa wiki mbili" mkimbie.

Na kwetu je? Vifaa hivi si hadithi za Ulaya tu. Pale KCMC Moshi kuna TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kushikilia mwili, na wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. MOI pale Muhimbili ilianzishwa mwaka 1996. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani kabisa na sisi, iliyozinduliwa mwaka 2015.

Shida yetu ni kwamba neno "kibyongo" limebeba magonjwa mengi. Kuna TB ya mifupa ya mgongo, na hiyo inatibiwa kwa dawa, siyo mazoezi. Polio nayo iliacha migongo iliyopinda, ingawa mgonjwa wa mwisho wa kirusi chake cha asili nchini alipatikana mwaka 1996. Kijana mwenye maumivu ya usiku, homa, kukonda au miguu kuishiwa nguvu aende hospitali haraka, asianzishiwe mazoezi. Lakini aina inayowapata zaidi vijana wanaobalehe, asilimia 2 hadi 3 ya vijana duniani, chanzo chake hakijulikani. Si dawati, si begi, si ndoo ya maji kichwani. Ndoo inachosha na inaumiza, hilo kweli, ila siyo iliyompindisha. Na wala si uzembe wa kukaa.

Kwa hiyo Andry alikosea sababu, ila kuhusu umri alikuwa sahihi. Mpindo huu huongezeka pale mtoto anaporefuka haraka, na nani anamwona mtoto kila siku miaka hiyo? Mwalimu. Kidato cha Kwanza na cha Pili ndiyo wakati wenyewe. Kazi yetu siyo kutibu wala kupiga kelele, ni kuona mapema na kumwambia mzazi ampeleke.

Mwalimu wa malezi alizungumza na mama yake yule binti. Wakaenda hospitali, akapigwa eksirei, mpindo ni mdogo. Akapewa mazoezi na tarehe ya kurudi baada ya miezi sita. Siku yangu ya mwisho shuleni nilimwomba radhi, mbele ya darasa lilelile lililocheka. Akaniangalia, akasema, "Haya mwalimu, yameisha." Mwenyewe sijui kama yameisha.

Wenzangu mnaosubiri TP, kabla hujasema "kaa wima", angalia mabega kwanza.

Nawasilisha. Alamsiki.